Madaktari Wawili, Sikio Moja

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu aliyetoka kwa daktari mmoja akaambiwa "kata", akaenda kwa mwingine akaambiwa "ngoja", na sasa amekaa nyumbani hajui amsadiki nani. Nilikuwa mtu huyo. Sina dawa ya kukupa, na mambo ya neva na mishipa waulize wanaoyajua. Nitakueleza tu ilivyokuwa kwangu, pamoja na kosa langu, maana naona kosa lile ndilo linaloweza kukufaa zaidi.

Naitwa Evariste. Nilizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndicho kinachomlea mtoto. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa ukalimani wa simu. Nilikaa chumbani kwetu Vickery Meadow, Dallas, nimevaa vipokea sauti masikioni, hospitali zikinipigia: huku daktari, kule mama wa Kikongo au mzee wa Kitanzania, mimi katikati. Sheria ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani hasemi "mgonjwa anasema anaumwa." Anasema "ninaumwa." Nimelitamka neno hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na maumivu yote yalikuwa ya wengine.

Sikio la kulia lilianza na mvumo, kama friji ya jirani inayosikika kupitia ukutani. Nikadhani ni vifaa, nikabadilisha. Mvumo ukabaki. Baadaye nikagundua kwamba simu za mke wangu nazipokea kwa sikio la kushoto, na sikumbuki nilihamia huko lini. Asubuhi moja nikishuka ngazi za ghorofa, ngazi zilikwenda upande mmoja na mimi upande mwingine.

Picha ya kichwa nilipigwa mwezi wa pili, wiki ambayo barafu ilifunga barabara za Dallas. Kabla ya kuingizwa kwenye ile mashine inayogonga kama mafundi bati wanaogombana, mhudumu alinifunika blanketi lililotoka kupashwa moto. Sikumbuki tangu utotoni ni nani aliwahi kunifunika. Wakikuuliza kama unataka blanketi, kubali.

Karani aliniuliza, kama utaratibu unavyotaka, kama nahitaji mkalimani. Nikacheka. Kisha daktari akaja, akaniambia kuna uvimbe kwenye neva ya kusikia, si saratani, una ukubwa wa punje ya harage, na ushauri wake ni kuukata mapema ungali mdogo, huenda sikio likaokoka. Kiingereza chote nilikielewa. Lakini nilibaki nimekaa, nikisubiri mtu ayarudie maneno yale kwa Kiswahili, polepole, ndipo yawe yangu. Hakuna aliyeyarudia. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu nilikuwa nimemkataza asiombe ruhusa kazini.

Mke wangu ni Mapendo, mtu wa Uvira, ng'ambo tu ya ziwa kutoka kwetu. Tulikutana kambini Kigoma. Dallas anafanya kazi katika nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha. Binti yetu wa pekee, Aline, anasoma uuguzi Houston, na anakaa Missouri City, pembeni tu mwa Houston, kwa Riziki, dada mkubwa wa Mapendo. Ni Aline aliyesisitiza nipate daktari wa pili, huko kwao. Nikapanda basi mwezi wa tatu, saa nne za barabara, maua ya buluu yametanda kando ya lami.

Daktari wa Houston alikuwa mama mpole, msemaji wa chini chini. Alisema tungoje. Uvimbe wa namna hii mara nyingi hukaa miaka bila kukua, na kisu kinaweza kuumiza neva ya uso. "Rudi mwezi wa tisa tuutazame tena," akasema.

Ndani ya gari nikamweleza Aline. "Baba, just pick one," akanijibu, nichague tu mmoja, kana kwamba tuko dukani mbele ya viatu. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na hofu, na macho yake yalikuwa barabarani.

Nikiwa kwenye basi la kurudi, jambo la zamani likanijia. Kabla ya vita kunitoa nchini nilisoma miaka miwili seminari kuu, nikajifunza falsafa. Padri aliyetufundisha alitugawia wanafalsafa wa kale, kila mmoja akaandike juu ya kundi lake. Mimi nikapewa Wenye Shaka wa Uyunani. Watu hawa walichukua kila hoja, wakaiwekea hoja ya kinyume yenye uzito uleule, mpaka mizani isimame. Ikisimama, walisitisha hukumu. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Na walidai kwamba hapo, bila kuutafuta, utulivu wa moyo uliwajia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na imani kali kama pilipili. Niliandika kurasa kumi na moja za kuwacheka, na nilipozisoma darasani wenzangu waligonga meza.

Sasa nipo ndani ya basi, upande wa kulia wa kichwa unavuma. Kata. Ngoja. Madaktari wawili, wote wasomi, wote waungwana. Mizani imesimama! Nikajisemea, basi sihitaji kujua. Kifua, kilichokuwa kimefungwa tangu wiki ya barafu, kikafunguka. Nililala mpaka tukaingia Dallas.

Majira yale ya joto nilikuwa mtulivu. Nakuambia ukweli, yalikuwa raha. Nilifanya kazi, nilipika, nilikwenda misa. Watu wa parokia walinipa pole, nami nikawatuliza wao. Ni Mapendo tu aliyekuwa akikonda. Jumamosi moja alikuwa jikoni akiyeyusha sombe, majani ya muhogo, iliyoganda, akaniuliza bila kugeuka.

"Baba Aline, umeamua nini?"

"Bado. Madaktari wenyewe hawakubaliani. Nimesitisha."

"Umesitisha nini?"

"Hukumu."

Akaweka mwiko chini. Nikaona ni nafasi nzuri ya kumfundisha. Nikamweleza juu ya wale Wayunani, jinsi mkubwa wao alivyokuwa melini wakati wa dhoruba, abiria wote wanalia, naye akawaonyesha nguruwe aliyekuwa akila chakula chake taratibu, akisema mwenye hekima na awe hivyo.

"Kumbe niliolewa na nguruwe," alisema Mapendo.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Weye uko na amani," akasema. "Na miye niko na nini? Kila siku naogesha watu wenye walianguka asubuhi moja tu, hawakuamka tena sawa. Narudi hapa nakukuta unatabasamu. Ile amani yako, nani anaibeba?"

"Sijui," nikajibu.

Ndilo lililokuwa jibu langu kwa kila kitu. Wenye Shaka walilitumia neno hilo kufungua mazungumzo. Mimi nilimfungia nalo mke wangu mlango usoni. Mwishowe akaacha kuuliza. Tulikula meza moja kama abiria wawili waliopangiwa kiti kimoja. Mara nyingine alisema kitu akiwa upande wangu wa kulia nami sikusikia, akadhani nampuuza. Mara nyingine nilisikia, nikajifanya sikusikia. Hilo sikumwambia padri hata kwenye kitubio.

Mwezi wa tisa ulipofika, hospitali ya Houston ikanipigia kunikumbusha. Nikaomba tusogeze hadi mwezi wa kumi na moja. Wa kumi na moja ulipofika nikasogeza tena hadi wa kwanza. Nyumbani nilisema hospitali ndiyo iliyosogeza. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: kama haijulikani, haraka ya nini?

Kisha, wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, nikapokea simu ya kliniki ya watoto. Mama mmoja, kwa lafudhi yake mtu wa Fizi, Kongo, alikuwa na mtoto mchanga mwenye homa. Muuguzi akataja kipimo cha dawa ya maji, mimi nikatafsiri: "Umpe matone hamsini."



"Hamsini?" mama akauliza. "Huyu? Ni mdogo sana, ndugu yangu. Hebu muulize tena."

Nikamuuliza. Muuguzi alikuwa amesema kumi na tano. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatofautiana mwishoni tu, sauti kidogo ya puani, na sauti hiyo mvumo wa sikio langu la kulia ulikuwa umekwisha kuimeza bila kuniambia. Nikasema yanayotakiwa kusemwa: mkalimani anaomba kusahihisha, ni kumi na tano, narudia, kumi na tano. Mama akashukuru. Hakujua ameponea wapi. Nilivua vipokea sauti, nikaviweka kitandani, nikaikalia mikono yangu.

Mama yule alitia shaka, na shaka yake ndiyo iliyomwokoa mwanawe. Hakukataa, hakukubali, aliomba tuangalie tena. Nikiwa nimekaa pale nikakumbuka kwamba siku ile ya kurasa zangu kumi na moja, wenzangu walipotoka, padri alinibakiza. Alisema nimeandika vizuri ila nimewakosea. Jina lao, kwa lugha yao wenyewe, halina maana ya mtu asiyeamini. Maana yake ni mtu ambaye bado anaangalia. Niliitikia "ndiyo, padri," nikakimbilia chakula cha mchana. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini na tano na mtoto wa watu kuelewa kwamba mimi nilikuwa nimeacha kuangalia, kisha uvivu wa woga nikaupa jina la Kiyunani.

Mapendo aliporudi kazini hakuwa hata amevua sare.

"Mama Aline," nikamwambia, "nimekudanganya. Hospitali haikusogeza miadi. Ni mimi. Mara mbili."

Alisimama pale mlangoni na mfuko wa mboga mkononi. Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Kesho naomba ruhusa," akasema hatimaye. "Na usinikataze."

Mwezi wa kwanza tukaenda wote. Harage lilikuwa limekua hadi ukubwa wa zabibu mbichi. Daktari yule yule aliyesema tungoje sasa akasema tukate, na sikio halitaokoka. Nikamuuliza swali ambalo na wewe huenda utauliza siku moja. Je, ningekuja mwezi wa tisa, sikio lingeokoka?

Alitazama picha, akanitazama. Alisema hawezi kuniambia. Huenda lingeokoka, huenda lilikuwa limekwisha kuharibika hata wakati huo. Mapendo alikuwa kushoto kwangu. Nilimsikia anavuta pumzi, na hakuitoa kwa muda.

Nilitia sahihi. Usidhani nilikuwa nimepata uhakika. Sikuwa nao, na sina mpaka leo. Lakini wale Wayunani hawakufa njaa wakijadili kama mkate ni chakula. Waliona njaa, wakala. Mimi niliona naanguka ngazini, niliona mtoto aliyenusurika na hamsini yangu, nikaifuata njia iliyokuwa mbele ya macho. Niliogopa kisu kama mtu yeyote. Kilichopungua ni ile hofu ya pili, inayokaa juu ya ya kwanza na kuhubiri usiku na mchana kwamba hili ndilo baya kuliko yote.

Walinipasua mwezi wa tatu. Nilipozinduka, upande wa kulia hapakuwa na kitu. Kanisa tupu lina ukimya, lakini unasikia ukubwa wake. Huku kwangu ilikuwa kana kwamba nusu ya dunia imekatwa na kubebwa. Hata mvumo niliouchukia nikautamani. Uso wa kulia ulikuwa umelegea. Jicho lilikataa kufumba, tukawa tunalitia matone na kulibandika plasta nikitaka kulala. Uji ulinitoka pembeni mwa mdomo bila mimi kujua, nikajifunza kujua kwa kutazama nyuso za wengine.

Siku ya tisa Mapendo ilibidi arudi kazini Dallas. Mimi nikabaki Missouri City kwa Riziki, karibu na daktari, majuma kumi. Ndiyo majuma ya upweke kuliko yote niliyowahi kuishi, na nimewahi kukaa kambini miaka minane.

Nyumba haikuwa tupu. Riziki ni mtu wa maombi, na kila Alhamisi akina mama wa kikundi chake walikuja, wakaniwekea mikono, wakatangaza kwamba nimepona. Niliwashukuru. Lakini sikio moja halijui sauti inatoka wapi. Mtu akisema, nilizungusha kichwa kama kuku anayetafuta mwewe, na nilipompata msemaji alikuwa amekwisha nyamaza, mwingine ameanza. Wakicheka, nilicheka baada yao. Kisha nikaacha kucheka. Nilitabasamu nusu ya uso, na watoto wa jirani wakaniogopa.

Asubuhi nilipewa chai. Chai ya maziwa na tangawizi, ile ile ya Riziki ambayo Mapendo huililia akiwa Dallas. Kinywani mwangu ilikuwa na ladha ya msumari, maana kisu kiligusa hata neva ya ladha.

"Shemeji, sukari imezidi?" Riziki aliniuliza aliponiona nimekunja uso.

"Imekaa sawa," nikasema. Nikafikiri kwamba chai ni tamu kwake, kwangu chungu, na hakuna wa tatu anayeweza kuamua. Ajabu, hilo lilinifariji. Sikuwa nimeadhibiwa. Nilikuwa tu ninaonja kwa ulimi niliokuwa nao msimu huo. Nikainywa yote.

Kila Jumatatu na Jumatano Aline alinipeleka mazoezi ya kutembea, halafu akakimbilia darasani. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vilivyopangwa ukutani, na kwa wiki mbili nilikaa kiti cha mwisho kushoto, ukuta umeziba sikio langu zima, nisisikie nikiitwa. Mama mmoja aliyekuwa akifagia pale, mtu wa Amerika ya Kati, aliniona. Hakuwa na Kiingereza, mimi sina Kihispania. Alikuja, akagusa sikio lake la kulia, akaninyooshea kidole kama anayeuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaburuta kiti kimoja hadi ng'ambo ya chumba, akanionyesha nikae, akarudi kwenye ufagio wake. Kila nilipokuja baada ya hapo nilikuta kiti kipo. Jina lake sikulijua.

Mapendo alinipigia kila siku akitoka kazini. Tulizungumza dawa, plasta, mvua. Siku moja ya mwezi wa tano aliyakatiza hayo.

"Ungeenda mwezi wa tisa," akasema, "pengine ungekuwa unanisikia vizuri."

Nilikuwa nimekaa uani kwa Riziki, juani, mkono mmoja umeshika ukuta kwa sababu bado dunia ilikuwa inaelea. Kwa miezi swali hilo hilo lilikuwa linanitafuna mimi pia. Nililigeuza kila namna, nikaliwekea hoja huku na hoja kule, na mizani ilisimama, na utulivu haukuja.

"Pengine," nikamjibu. "Daktari hajui, na mimi sitajua mpaka kufa. Lakini kuna jambo ninalolijua, wala halina upande wa pili. Nilikuficha. Nilikuacha ubebe peke yako. Kwa hilo, nisamehe."

Nikasikia analia. Alilia kwa muda mrefu, kilomita mia nne kutoka kwangu, nami nilikuwa na sikio moja tu la kumsikilizia. Nililibana simuni mpaka likauma.

"Kula," akasema mwishowe. "Riziki ananiambia hauli."

Nilirudi Dallas mwezi wa sita. Kazi ya simu nimeiacha kwa hiari yangu. Kampuni ilisema naweza kuendelea kwa sikio la kushoto, nikakataa, kwa sababu ya yule mtoto. Sasa natafsiri maandishi, fomu za shule na barua za hospitali. Ni kazi ya kimya. Siku nyingine nakaa mpaka jioni sijasikia sauti ya mtu, na siku hizo nashuka ngazi, mkono kwenye chuma, naenda kusimama penye maegesho ambako wale ndege weusi hukusanyika mitini kwa maelfu. Nawasikia wote upande mmoja. Uso umerudi, isipokuwa pembe ya mdomo. Chai imekuwa tamu tena, sijui siku gani.

Ikiwa umefika hapa nawe una karatasi mbili mezani zisizokubaliana, sitakuambia ufuate ipi. Endelea kuangalia tu. Nenda kwenye miadi. Na usiite amani kitu ambacho mwenzako ndiye anayekilipia kwa usingizi wake.

Mwezi uliopita tulikwenda Houston kwa picha ya mwaka. Mapendo alingoja nje, kwa sababu nilitaka niingie mwenyewe nijaribu kusikia mwenyewe. Nilipotoka alisimama upande wangu wa kushoto, kama anavyofanya siku zote sasa bila kufikiri.

"Amesemaje?"

"Kuna kipande kidogo walikiacha kwenye neva ya uso. Kinaweza kukua. Kinaweza kulala hivyo hivyo mpaka nife na kitu kingine. Hajui."

Alinitazama usoni, kwenye ile pembe isiyorudi. Watu walitupita upande wa kulia na viti vya magurudumu, sikusikia hata kimoja.

"Miadi ingine lini?"

"Mwezi wa nne."

Akatoa simu yake, akaiandika, akanisomea tarehe kwa sauti, polepole, mpaka nikairudia. Kisha akauliza kama tupitie kwa Riziki tukale samaki au tushike barabara kabla ya foleni.

"Sijui," nikasema.

"Miye najua," akasema Mapendo. "Niko na njaa."

Tukaenda kula.